Majani ya Mmea Mmoja

Wazungu walinunua chai ya China kwa zaidi ya miaka 200 bila kujua vizuri inatoka kwenye nini. Carl Linnaeus, bingwa wa kuipanga mimea kwa majina, aliandika katika karne ya 18 kwamba ipo mimea miwili: mmoja wa chai ya kijani, mwingine wa chai nyeusi. Miaka ya 1840 Robert Fortune, mtaalamu wa bustani kutoka Scotland, alizunguka mashamba ya China akaona zote mbili zikitengenezwa kwa majani ya mmea uleule, ambao leo unaitwa Camellia sinensis. Wakulima wa kule, bila shaka, hawakuona ajabu yoyote.

Tofauti huanza baada ya kuchuma. Ndani ya jani bichi, kemikali chungu ziitwazo katekini hukaa mbali na kimeng'enya cha kuzigeuza. Jani likisagika, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, hewa ikaingia, rangi ikabadilika. Ndiyo hali inayolipata bilinganya ukilikata ukalisahau mezani. Viwandani Kericho, Kenya, mashine zenye meno huyachanachana majani yaliyokwisha kunyauka, na baada ya muda mfupi rundo la kijani huwa na rangi ya shaba. Joto la kikaushio hukizima kimeng'enya. Mwenye kutaka chai ya kijani huanza na joto hilo: Wajapani huyapiga majani mvuke, Wachina huyakaanga kwenye karai kavu. Chai iitwayo ulongi (oolong) hukatizwa katikati ya safari hiyo ya kubadilika rangi.

Hata kikombeni kemia haijalala. Kamulia ndimu chai ya rangi, utaiona inapauka papo hapo. Asidi imeigeuza rangi, haikuiondoa. Chai ya zambarau ya TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa Kenya mwaka 2011, hufanya mbwembwe zaidi: ina rangi ya mimea iitwayo anthosianini, na ikipata ndimu huelekea uwaridi.

Lakini katekini za chai na kemikali zinazotokana nazo hung'ang'ania pia madini ya chuma ya maharage na mchicha, yasifyonzwe vizuri mwilini. Chai ya kijani, pamoja na sifa zote inazopewa na wauzaji, haina nafuu hapa. Mjamzito, au mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu, asishushie ugali na maharage kwa chai. Asubiri saa moja au mbili, na ndimu aikamulie kwenye mboga, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.