Soya Yako: Pakiti ya Rhizobia, Chupa ya EM au Mfuko wa Urea?

Mkulima wa soya magharibi mwa Kenya akiingia duka la pembejeo kutafuta naitrojeni, huwekewa mbele bidhaa tatu: mfuko wa mbolea ya viwandani, pakiti ndogo ya bakteria wa rhizobia, na chupa ya mchanganyiko wa vijidudu uitwao EM. Bei zinapishana mno, na kazi zake pia.

Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23. Agosti 2023 serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Kwa mahindi hiyo ni pesa iliyokwenda mahali pake, maana hindi haliwezi kujitafutia naitrojeni. Kwa soya ni hasara: mmea ukikuta naitrojeni tele udongoni, huacha kujenga vinundu vya kutosha mizizini.

Vinundu hivyo ndivyo unavyovinunua katika pakiti ya rhizobia. Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kutengenezwa na kampuni ya MEA, huchanja mbegu kilo 10 hadi 15 kwa gramu 100. Ekari ikitumia mbegu kilo 25, pakiti mbili zinatosha, na gharama yake ni mamia ya shilingi, si maelfu. Soya iliyoshirikiana vizuri na bakteria hawa hujipatia hewani nusu ya naitrojeni inayohitaji, au zaidi. Sijaona pembejeo nyingine ya bei hiyo inayomfaa mkulima mdogo kiasi hicho.

Hata hivyo, ndani ya pakiti mna viumbe hai, na jua huwaua. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Loanisha mbegu kwa maji yenye sukari au gundi, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo, na usiache mbegu zigusane na mbolea. Baada ya wiki sita hivi, chimba mmea mmoja taratibu, osha mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa kweupe au kijani, hawafanyi kazi.

Kuna gharama nyingine ambayo muuzaji huenda asiitaje: fosforasi. Bila hiyo vinundu hudumaa, kwa hiyo tenga pesa ya mbolea ya TSP au ya fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania. Kunde na karanga kwa kawaida hupata bakteria wao wenyewe udongoni. Usizinunulie chanjo kwa pupa. Maharagwe yana matokeo ya kubahatisha, basi jaribu mistari michache kwanza, tena kwa pakiti iliyoandikwa maharagwe, kwa kuwa bakteria wa soya hawayafai.

EM ilibuniwa na Teruo Higa huko Okinawa, Japani. Humo mna bakteria wa aina ya wale wanaogandisha maziwa, hamira, na bakteria wanaotumia mwanga. Lita moja huchanganywa na lita ya molasi na maji lita 20 hivi, ikafungwa wiki nzima, hivyo kila lita hutoka rahisi. Lakini jaribio la shambani la miaka minne jijini Zurich, 2003 hadi 2006, lilionyesha kwamba faida iliyoonekana ilitokana na vyakula vilivyobeba vijidudu, si vijidudu wenyewe. Mboji ya nyumbani inakupa chakula hicho bila chupa.

 

Mwenye soya anunue rhizobia na fosfeti, urea aiachie mahindi. Na duka likikuonyesha pakiti iliyokaa dirishani juani, usiinunue hata ikipunguzwa bei.