Kutunza Vitabu vya Maktaba

Tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulifurika katika mji wa Firenze, Italia. Maji na matope yaliingia katika Maktaba ya Taifa, yakaharibu vitabu na magazeti zaidi ya milioni 1. Wanafunzi wa nchi nyingi walikuja kusaidia bila mshahara, wakapokezana vitabu mkono kwa mkono. Watu wakawaita «malaika wa matope». Lakini nia njema peke yake haikutosha: mafundi, kama Peter Waters wa Uingereza, walikuja kuongoza matengenezo na kufundisha wafanyakazi.

Huku Buluo, Likasi, adui ni wengine: mvua ya Novemba mpaka Aprili, iletayo ukungu wa kuozesha karatasi, na mchwa. Basi, vitabu visiguse ukuta wala sakafu. Chenye ukungu kitengwe.

Na mwanafunzi anayejitolea ashike shauri hili: asifanye tengenezo lisiloweza kuondolewa. Utepe wa kunata ni wa upesi, lakini gundi yake hugeuka kahawia na kutia madoa. Gundi ya unga wa ngano iliyopikwa vema hulegea kwa maji. Fundi wa kesho ataweza kuitoa.

Kitabu cha ubatizo kikioza, Mkristo atapata wapi ushuhuda siku ya ndoa au ya Upadri? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yaamuru vitabu vya zamani vya parokia vitunzwe kwa uangalifu. Mseminari anayejifunza leo kutengeneza kitabu kimoja, kesho atalinda majina ya waamini wa parokia nzima.