Kutoka Mbale hadi Gisenyi: Sikukuu za Kiyahudi na wajibu wa kukumbuka

Jua lilipotua tarehe 6 Aprili 1994, Wayahudi waliingia katika siku yao ya kuwakumbuka ndugu zao milioni sita waliouawa na utawala wa Wanazi barani Ulaya. Kwa mujibu wa kalenda yao siku huanza jioni, wala si alfajiri. Usiku huo huo, mjini Kigali, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana ilidunguliwa, na kulipopambazuka tarehe 7 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza.

Tarehe hizo mbili zilikutana kwa sadfa tu, na hakuna anayepaswa kuona ndani yake siri iliyofichika. Hata hivyo, sadfa hiyo inaleta swali ambalo marabi hulirejea kila sikukuu inapofika: mtu aliyekumbuka uovu anadaiwa nini baada ya kukumbuka? Kwa wakazi wa Nengo mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu na karibu na mpaka wa Goma, swali hilo ni la kila siku.

Rabi wa kilima cha Nabugoye

Katika eneo la Maziwa Makuu, jamii ya Wayahudi wenyeji inayojulikana zaidi iko mashariki mwa Uganda, karibu na mji wa Mbale. Huitwa Abayudaya, jina la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala sehemu hiyo ya nchi, kisha akakosana nao. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Biblia kwa bidii, alijitahiri pamoja na wanawe na kutangaza kwamba wao ni Wayahudi.

Kiongozi wa kiroho wa jamii hiyo leo ni Rabi Gershom Sizomu. Alitawazwa mwaka 2008 baada ya masomo mjini Los Angeles, Marekani, akarudi kilimani Nabugoye kufundisha. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Kwa kuwa Abayudaya ni wachache mno, wengi wa waliompigia kura walikuwa Wakristo na Waislamu.

Safari hiyo haikuwa nyepesi. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa na sala zikafanyika kwa siri. Sizomu amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha sikukuu. Inakadiriwa kwamba jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na watu 300 hivi.

Pasaka ya mwaka 1979

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliuteka mji wa Kampala na utawala wa Amin ukaanguka. Jioni ya siku hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya, kisa cha Musa na Farao kilikuwa kimehama kutoka kitabuni na kuingia nyumbani mwao.

Ndivyo sikukuu hiyo ilivyokusudiwa kufanya kazi. Usiku wa Pasaka familia hukaa mezani, hula mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, na mtoto huuliza kwa nini usiku huo ni tofauti na mingine. Anayejibu hatakiwi kusimulia habari za watu wa kale peke yao. Mapokeo humtaka kila mtu, katika kila kizazi, ajihesabu kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Hayati Rabi Jonathan Sacks, aliyekuwa Rabi Mkuu nchini Uingereza, alieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba historia ni kisa cha mtu mwingine, ilhali kumbukumbu ni kisa changu mimi.

Lakini katika karamu hiyo hiyo ya ukombozi kuna desturi ya kupunguza furaha. Yanapotajwa mapigo kumi yaliyowapata Wamisri, kila mmoja humwaga tone la divai kutoka katika kikombe chake kwa kila pigo. Maelezo yanayotolewa na marabi wengi ni kwamba kikombe cha furaha hakiwezi kujaa pale ambapo wengine waliteseka, hata kama walikuwa maadui.

Kosa dhidi ya mtu halifutwi kwa sala

Baada ya Pasaka, siku iliyo nzito kuliko zote ni Siku ya Upatanisho, inayoangukia Septemba au Oktoba. Wayahudi hufunga kwa takriban saa 25, bila chakula wala maji, wakiomba msamaha. Hata hivyo, sheria yao inaweka mpaka ulio wazi: mfungo hupatanisha mtu na Mungu tu. Aliyemkosea jirani yake sharti kwanza aende kwa jirani huyo, akiri, alipe anachodaiwa na kumwomba radhi.

Musa bin Maimun, mwanazuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri, alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba ikiwa aliyekosewa amekwisha kufa, mkosaji awachukue watu kumi hadi kwenye kaburi lake, na mbele yao alitaje kosa lake. Msomaji wa Rwanda hatakosa kukumbuka mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, ambako washtakiwa walisimama mbele ya majirani zao na kueleza waliyoyatenda na mahali miili ilipotupwa.

Mfanano huo hauondoi ugumu. Marabi wengi wanashikilia kwamba hakuna aliye hai anayeweza kusamehe kwa niaba ya aliyeuawa. Mjini Gisenyi, katika eneo la ukumbusho lijulikanalo kama Commune Rouge, wamezikwa watu waliouawa mwaka 1994. Jamaa zao waliobaki wanaweza kuishi kwa amani na jirani aliyekiri, na wengi wanafanya hivyo. Kumdai msamaha kwa niaba ya wafu ni jambo jingine.

Kibanda na mpaka

Siku chache baada ya mfungo huja Sikukuu ya Vibanda. Kwa siku saba familia hula, na wengine hulala, katika kibanda kilichoezekwa kwa matawi, ambamo nyota huonekana kupitia paa. Aliye na nyumba ya mawe hukumbushwa kwamba mababu zake waliishi jangwani bila makao.

Gisenyi haihitaji kuelezwa maana ya paa la muda. Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu, wakiwemo raia wa kawaida na waliotenda mauaji, walivuka hapo kuingia Goma, na kipindupindu kikawaua wengi. Jeshi la Israel lilifungua hospitali ya muda mjini Goma kuwahudumia. Tarehe 27 Januari 2025, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya Wayahudi, waasi wa M23 waliingia Goma, na makombora yaliyovuka mpaka yakaua watu wilayani Rubavu.

Pale kumbukumbu inapopimwa

Tarehe 7 Oktoba 2023, Wayahudi nchini Israel walikuwa wakifunga msimu huo wa sikukuu kwa siku ya kuifurahia Torati. Hamas ilishambulia na kuua takriban watu 1,200. Miongoni mwa waliopoteza maisha walikuwa vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata Gaza vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Tangu hapo Wayahudi wenyewe wanabishana vikali juu ya matone yale ya divai: kumbukumbu ya mateso yako inakuruhusu nini, na inakukataza nini?

Afrika Mashariki ina majibu machache ya vitendo. Mwaka 2004 J.J. Keki, mmoja wa Abayudaya aliyeshuhudia mashambulizi ya New York ya mwaka 2001, alianzisha karibu na Mbale ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Wanachama wake ni Wayahudi, Waislamu na Wakristo, wanaouza mavuno yao kwa pamoja.

Nchini Rwanda, kijiji cha Agahozo-Shalom wilayani Rwamagana kilifunguliwa mwaka 2008 na Anne Heyman, Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini, kwa kufuata mfano wa kijiji cha Israel kilichowalea mayatima walionusurika Ulaya. Agahozo kwa Kinyarwanda ni mahali machozi yanapofutwa, na shalom kwa Kiebrania ni amani. Vijana hufundishwa huko mambo mawili yanayotokana na mapokeo ya Kiyahudi: kuutengeneza moyo na kuitengeneza dunia. Walimu huanza na moyo.