Mama, Ubongo Wako Unapopiga Kengele

Je, mama mpendwa, umewahi kumfokea mtoto kwa kosa dogo tu, kama kumwaga maji ya kunywa, kisha baada ya dakika tano ukajiuliza, "Hivi ilikuwaje hata nikamkaripia kiasi kile?" Au umewahi kujilaza kitandani mwili umechoka hoi, lakini usingizi hauji kwa sababu ya ada ya shule, kodi ya nyumba na mgonjwa aliyeko kijijini?

Kama jibu ni ndiyo, usikimbilie kujiona una roho mbaya au imani haba, wala usidhani umerogwa. Katika kazi ya uuguzi nimekutana na akina mama wengi wanaolalamika kuumwa kichwa, mabega kukaza, tumbo kujaa na moyo kwenda mbio, na vipimo vyote vinaonyesha hawana malaria wala ugonjwa mwingine. Hawadanganyi. Maumivu hayo ni ya kweli, na mara nyingi chanzo chake ni msongo wa mawazo.

Mlinzi wa usiku

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna visehemu viwili vidogo vyenye umbo la lozi. Wataalamu huviita amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku. Akisikia kishindo anapiga kengele kwanza. Kama ni mwizi au ni paka, atajua baadaye.

Kengele hiyo ikilia, sehemu nyingine ya ubongo iitwayo hipothalamasi hutoa amri. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Kwa sekunde chache tu moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, mdomo unakauka, na damu inapelekwa kwa wingi kwenye misuli ya miguu na mikono. Mambo yanayoweza kungoja, kama kusaga chakula tumboni, yanapunguzwa kasi. Hali ikiendelea, tezi hizo hizo hutoa homoni ya pili, kortisoli, ambayo huongeza sukari katika damu ili mwili usiishiwe nguvu.

Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba kwa njia hii mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Ni mpango mzuri. Ndio unaomwezesha mama kumnyakua mtoto barabarani kabla gari halijafika.

Matatizo huanzia wapi?

Gari likishapita, kengele hunyamaza na mwili hutulia. Lakini ada ya shule haikimbiwi, na deni halipigwi ngumi. Linabaki pale pale asubuhi, mchana na usiku, na mlinzi wetu anaendelea kupiga kengele. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Kanada, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanyama waliosumbuliwa kwa muda mrefu kwa njia mbalimbali walipata madhara yanayofanana, vikiwemo vidonda vya tumbo.

Kwa binadamu, msongo wa muda mrefu huvuruga usingizi, hudhoofisha kinga ya mwili na huchangia kupanda kwa shinikizo la damu. Ubongo nao huathirika. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kufikiri kabla ya kutenda, hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana mama mwenye busara zake hujikuta ametoa neno ambalo hawezi tena kulirudisha. Sehemu inayotunza kumbukumbu nayo husumbuka: unaingia chumbani na kusahau ulichofuata.

Namna ya kumtuliza mlinzi

Hatuwezi kumwachisha kazi mlinzi huyu, lakini tunaweza kumwambia, "Tulia, hakuna mwizi." Jaribu haya:

1. Vuta pumzi polepole. Keti, weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke. Toa hewa taratibu ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Unapotoa pumzi polepole, mshipa huo huuambia moyo upunguze mbio.

2. Taja jina la hisia zako. Sema, "Nina hasira," au "Ninaogopa." Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mtu anapoitaja hisia kwa jina, amigdala hupunguza kelele zake.

3. Tembea. Adrenalini ilikuja ili utumie misuli, basi itumie. Mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano kwa wiki, unatosha. Unaweza kushuka kituo kimoja kabla ya kwenu.

4. Sali au kaa kimya. Daktari Herbert Benson wa Marekani alieleza mwaka 1975 kwamba kurudia neno moja au sala fupi kwa utulivu hupunguza mapigo ya moyo na kasi ya kupumua.

5. Linda usingizi wako. Usinywe kahawa wala chai ya rangi kali jioni. Mahesabu ya fedha yafanyeni mchana, si kitandani. Na usinunue vidonge vya usingizi bila kuandikiwa na daktari, kwa kuwa vingine hujenga mazoea mabaya.

Benchi la bibi

Kuna dawa nyingine ambayo haiuzwi: mtu wa kukusikiliza. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi hao walifundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja tu na kutafuta hatua ya kwanza ya kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopata msaada huo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nasi tunao shangazi, mama wakubwa na wenzetu wa kikundi. Chagua mmoja anayejua kutunza siri.

Usikae kimya

Nenda hospitali kama huzuni au kukosa usingizi kumezidi wiki mbili, kama umejifungua karibuni na huna furaha na mtoto, au kama unapata maumivu ya kifua. Mawazo ya kujidhuru yasingoje hata siku moja. Mwambie mtu sasa hivi na akusindikize.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uzito. Kama anayekutia hofu ni mtu anayekupiga nyumbani, basi kengele yako inalia kwa haki. Hapo mazoezi ya kupumua hayatoshi, wala usiambiwe uvumilie tu. Tafuta mahali salama, mweleze ndugu au kiongozi unayemwamini, na utoe taarifa polisi kwenye dawati la jinsia.

Kwa mambo mengine ya kila siku, anza leo jioni. Watoto wakishalala, zima redio, keti, na uhesabu pumzi zako kwa dakika tano. Kesho rudia.