Pilipili Nyekundu na Watoto Wake wa Manjano

Nendeni katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mkatazame mafungu ya pilipili: za kijani, za manjano, nyekundu kama damu. Ile ya kijani mara nyingi ni changa tu. Lakini ikiachwa mtini itaiva kwa rangi gani? Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mama huchagua mbegu za pilipili nyekundu nzuri, huzipanda, kisha baadhi ya miche huzaa matunda ya manjano. Basi mwuza mbegu huitwa mwongo, au jirani hudhaniwa kuwa ameroga bustani. Tusimhukumu mtu kabla ya kulitazama tunda lenyewe.

Tunda changa lina ukijani uleule wa majani, uitwao klorofili. Linapoiva ukijani huvunjwa, na mahali pake huundwa rangi nyingine, jamaa ya zile za karoti na za mawese. Kazi hiyo huenda hatua kwa hatua. Hutangulia rangi za manjano. Hatua ya mwisho huzigeuza kuwa kapsantini, ndiyo rangi nyekundu. Kila hatua ina mfanyakazi wake, aitwaye kimeng'enya, naye huundwa kwa agizo la jeni, yaani urithi utokao kwa wazazi. Mwaka 1998 wachunguzi walionyesha kwamba jeni ya hatua ile ya mwisho ndiyo itengayo wekundu na umanjano. (Ziko hata pilipili za kahawia: wekundu umeingia, ukijani haujatoka!)

Sasa, kila mche una nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa kila mzazi. Nakala moja nzima yatosha kuleta wekundu. Kwa hiyo mche mwekundu waweza kuficha nakala mbovu, na katika watoto wake wanne, kwa wastani, mmoja atakuwa wa manjano. Hesabu hii ya watatu kwa mmoja aliieleza Gregor Mendel, mtawa Mwagostino wa Brno, katika nchi iitwayo leo Cheki, baada ya kupanda njegere miaka mingi katika bustani ya monasteri. Aliichapisha mwaka 1866. Alikufa mwaka 1884. Wataalamu walimtambua mwaka 1900 tu.

Mama afanyeje, basi? Ua la mpilipili laweza kujizalisha lenyewe, ila nyuki huleta unga wa maua ya miche mingine. Unga huo haubadili rangi ya tunda la leo, bali hubadili mbegu zilizomo. Afunike maua machache kabla hayajafunguka, kwa kifuko cha kitambaa chepesi, atikise tawi kidogo kila siku, na tunda likishika aondoe kifuko na kulifunga uzi wa alama. Mbegu za kila mche azipande katika mstari wake, miche 12 hivi. Mstari utakaotoa manjano asiuchukulie mbegu.

Apendaye za manjano ana kazi nyepesi: mche wa manjano uliokosa jeni ile, ukijizalisha wenyewe, hauna wekundu wa kuficha.