Mtembea kwa Miguu na Lori katika Nchi ya Majani Chai

Katika kaunti za Kericho na Bomet, barabara kuu hupita katikati ya soko, kituo cha matatu na njia ya wachuma chai, hata mtembea kwa miguu na lori la kontena wakagawana ukingo uleule wa lami, ambao mvua ya alasiri huufanya uteleze. Hatari hiyo ilidhihirika tarehe 30 Juni 2023 katika makutano ya Londiani, lori lililokuwa likielekea Kericho lilipoacha njia na kuvamia matatu, bodaboda, wachuuzi na wapita njia. Zaidi ya watu 50 walifariki, na hospitali za Kericho zikapokea majeruhi kwa wingi usiku uleule.

Anayegongwa na gari dogo huumia mara tatu: bampa huvunja mguu, boneti na kioo hupiga kiuno na kichwa, kisha lami humalizia. Lori halina boneti ya kumwinua mtu. Uso wake mpana humpiga kifua na nyonga kwa pamoja na kumsukuma chini ya magurudumu. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya pigo huwa mara nne.

Kwa kuwa jeraha la hatari zaidi linaweza kufichika ndani ya mwili, chumba cha dharura hakianzi na mfupa uliochomoza, ingawa ndio unaowatisha ndugu waliosimama mlangoni. Majeruhi wakiwa wengi, kwanza hupangwa kwa uzito wa hali zao, si kwa zamu ya kufika. Kisha huangaliwa njia ya hewa, huku shingo ikishikiliwa isipinde, halafu kupumua na mzunguko wa damu. Nyonga iliyovunjika inaweza kuficha lita kadhaa za damu bila tone kuonekana nje, na kwa sababu hiyo hukazwa kwa shuka tu, mbinu nyepesi lakini yenye kuokoa, wakati damu ya kuongezewa ikitafutwa. Wenye majeraha makubwa upande wa Bomet mara nyingi hupelekwa Tenwek, hospitali ya misheni inayofundisha pia madaktari wa upasuaji.

Baada ya mkasa wa Londiani, Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, alitaka masoko yahamishwe kutoka kandokando ya barabara kuu. Rai hiyo ni sahihi nusu tu, kwani mchuuzi huuza pale abiria anaposhuka, na stendi isipohama naye, atarudi. Kwa sasa, anayemkuta majeruhi akivuja damu na akandamize jeraha kwa kitambaa safi, wala asimkunje juu ya pikipiki.