Kujifunza Urubani Mkoani Pwani: Hewa, Upepo na Saa Arobaini

Upepo wa kaskazi uvumapo, kuanzia Desemba hadi Machi, ndege kubwa ziendazo Dar es Salaam mara nyingi huingia kwa upande wa nchi kavu. Hushuka kwa upande wa Kisarawe na vilima vya Pugu, zikateremsha magurudumu, kisha zikatua katika Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere huku pua zao zikiukabili upepo. Mwanafunzi wa fizikia katika shule ya Minaki, au mwenzake wa Shule ya Sekondari Kibaha, huzitazama hata akazizoea. Lakini siku moja huzuka swali ambalo vitabu vyake havilijibu: mtu wa huku akitaka kuwa rubani, ajifunzie wapi?

Wilaya hizi mbili hazina kiwanja cha ndege za abiria. Kisarawe iko kilomita 15 hivi magharibi ya kiwanja kikuu cha Dar es Salaam, na Kibaha kilomita 33 hivi. Kwa hiyo mwenyeji wa huku huishi chini ya anga yenye shughuli nyingi bila ya kuwa na mlango wake wa kuingilia angani. Ni lazima achague mlango wa wengine, na wengi huchagua kwa kuuliza bei ya saa moja ya kuruka. Hilo ni swali la haki, maana fedha hazipatikani kwa urahisi. Walakini bei pekee hupotosha, kwa sababu saa moja ya kuruka haina thamani ileile kila mahali.

Kwanza yafaa kujua ni kitu gani kinachonunuliwa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, zataka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe na umri usiopungua miaka 17, apimwe afya, afaulu mitihani, na awe ameruka kwa saa zisizopungua 40. Au 35 ikiwa amefuata mpango wa chuo kilichoidhinishwa. Kati ya saa hizo, 10 lazima awe peke yake ndani ya ndege, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari za mbali. Safari moja isipungue kilomita 270, na ndani yake atue na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Leseni hii haimruhusu kuchukua abiria kwa malipo, bali ndiyo ngazi ya kwanza kwa kila anayetaka kuendelea.

Sasa tuje kwenye hewa. Ndege ndogo ya mafunzo, kama vile Cessna 172 yenye viti vinne na injini moja, hutegemea hewa mara tatu. Mbawa zahitaji hewa ili ziinue, rafadha, yaani panga la mbele, lahitaji hewa ili livute, na injini yahitaji hewa ili iunguze petroli. Hewa ikiwa nyepesi, vyote vitatu hudhoofika kwa pamoja. Na hewa hupungua uzito kwa sababu mbili, kimo na joto.

Wahandisi wamekubaliana juu ya hewa ya kipimo: usawa wa bahari, nyuzi joto 15, uzito wa kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Dar es Salaam, ambako kiwanja kiko mita 55 tu juu ya bahari, mchana wa nyuzi 32 hewa hubaki na kilo 1.15 hivi. Ndege huiona hali hiyo kana kwamba iko kwenye kimo cha mita 690, ingawa bahari iko jirani. Katika Kiwanja cha Wilson mjini Nairobi, kilicho mita 1,690 juu ya bahari, mchana wa nyuzi 26 hewa huwa chini kidogo ya kilo moja, na ndege hujiona iko karibu mita 2,500. Arusha, kwenye kiwanja cha Kisongo chenye kimo cha mita 1,387, mchana wa nyuzi 27 huleta hali ya mita 2,150 hivi.

Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Injini ya kawaida isiyo na pampu ya kusukumia hewa hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu. Umbali wa kukimbia kabla ya magurudumu kuacha ardhi huongezeka kwa nusu na zaidi, na baada ya hapo ndege hupanda kwa uvivu ambao mgeni wa pwani huuona wa kutisha. Mwanafunzi wa Arusha au Nairobi hukutana na jambo hili katika wiki ya kwanza, naye huzoea kufungua jedwali la ndege na kupiga hesabu kabla ya kuwasha injini. Aliyejifunza pwani tu aweza kupata leseni yake kwa halali bila ya kuhisi hata mara moja mbawa zikikosa hewa ya kushika. Hatari humngoja siku atakapowachukua rafiki zake watatu na mizigo yao kwenda nyanda za juu, adhuhuri, akitegemea macho yake na mazoea ya Dar es Salaam.

Isidhaniwe kwa hayo kuwa pwani ni mahali pabaya pa kujifunzia. Pwani ina somo lake kubwa, nalo ni upepo. Njia kuu ya kurukia ya Dar es Salaam imeandikwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Tarakimu hizo ni mwelekeo wa dira uliokatwa sifuri ya mwisho: nyuzi 50, yaani kaskazini-mashariki, na nyuzi 230, yaani kusini-magharibi. Kaskazi huifuata njia hiyo vizuri sana. Lakini kusi ikishika zamu katikati ya mwaka, upepo utokao kusini-mashariki huikata njia karibu kwa pembe mraba. Rubani hulazimika kuja akiwa ameielekeza pua upande wa upepo, kama nahodha wa mashua avukaye mkondo, kisha dakika ya mwisho ainyoshe ndege na kuinamisha ubawa mmoja. Kwa Cessna 172 watengenezaji wameonyesha kutua kwa upepo wa ubavuni wa noti 15, takriban kilomita 28 kwa saa. Mwanafunzi aliyemaliza mafunzo yake katika miezi ya kaskazi pekee hajaujua upepo huo bado, na afadhali amwombe mwalimu amrudishe kiwanjani mwezi Julai.

Liko tena suala la foleni. Kiwanja kikubwa humfundisha mtu kusema na mnara kwa ufasaha, kusikiliza mengi kwa pamoja, na kutii. Hizo ni faida za kweli. Walakini ndege kubwa, kama Boeing 787 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2018, huacha nyuma ya ncha za mbawa zake mizingo miwili ya hewa, mfano wa vimbunga vilivyolazwa chini, visivyoonekana kwa macho na vyenye nguvu ya kuipindua ndege ndogo. Kwa sababu hiyo ndege ndogo huwekwa nyuma kwa dakika mbili au tatu, kulingana na mahali inapoanzia kuruka. Ongeza mwendo mrefu wa magurudumu kutoka maegesho, na ndege zinazosubiriwa zitue kwanza. Tuseme kila saa hupoteza dakika 12 hivi chini. Daftari la mwanafunzi litaonyesha saa 40, na fedha za saa 40 zitakuwa zimelipwa, ilhali mikono yake imeruka saa 32. Mtu atafutaye chuo angefanya vyema kuuliza saa huanza kuhesabiwa lini, na ndege husubiri kwa muda gani kabla ya kuondoka, kabla ya kuuliza bei.

Afrika Mashariki iliwahi kulijibu swali la mahali kwa pamoja. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani na ufundi wa ndege huko Soroti, mashariki ya Uganda, kwenye kimo cha mita 1,100 hivi, mbali na msongamano wa miji mikuu. Vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda walisoma pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha shirika lake la ndege mwezi Machi mwaka huohuo, lakini chuo kilibaki Soroti. Nairobi ilikuwa na historia ndefu zaidi: klabu ya marubani iliyoanzishwa mwaka 1927, kampuni ya Wilson Airways iliyoanzishwa na Bibi Florence Kerr Wilson mwaka 1929, na kiwanja kilichopewa jina lake mwaka 1962, ambako shule za urubani zingaliko kwa wingi. Kwa Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimekuwa kikijenga masomo ya usafiri wa anga. Anayekwenda nje akumbuke kuwa kila nchi hutoa leseni yake; akirudi atapaswa kwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ili leseni ya kigeni ikubaliwe.

Popote aanzapo, siku ya safari ya kilomita 270 itamfikisha kwenye viwanja vidogo, na hapo Mkoa wa Pwani una hazina yake. Mafia, wilaya ya mkoa uleule wa Kibaha na Kisarawe, ilijua ndege mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Mwaka 1915 Waingereza walisafisha kiwanja kisiwani humo, na mwezi Julai ndege zake ziliongoza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg katika mdomo wa mto Rufiji. Mzunguko wa Dar es Salaam, Mafia, Unguja na kurudi Dar es Salaam una kilomita zipatazo 394. Ule wa Unguja, Tanga na kurudi una 400 hivi. Wote wawili hutosheleza kanuni.

Wote wawili pia huvuka bahari kwa injini moja. Ndege ya aina hii injini ikizimika haianguki kama jiwe. Huteleza, na kwa kila mita moja ishukayo husonga mbele mita tisa hivi. Unguja iko kama kilomita 35 kutoka bara. Aliye kwenye kimo cha mita 1,500 aweza kuteleza kilomita 13 na nusu, kwa hiyo katikati ya mkondo, kwa kilomita zipatazo nane, hafiki pwani yoyote. Akipanda hadi mita 2,000, pwani moja au nyingine humfikia wakati wote, mradi upepo usimpinge. Mita 500 hizo hugharimu dakika chache na petroli kidogo.

Petroli nayo si ya kudhania. Ndege za jeti hutumia mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa, ambayo viwanja vikubwa huyaweka kwa wingi. Injini nyingi za ndege ndogo hutumia petroli ya pekee yenye madini ya risasi, na hiyo ni adimu katika viwanja vidogo. Rubani hupiga simu kabla ya kuondoka. Huuliza pia kama njia ni ya lami au ya udongo, kama mvua imenyesha, na kama kuna wanyama. Katika mbuga, desturi ni kupita kwanza chini chini juu ya njia ili kuwafukuza swala, kisha kuzunguka na kutua.

Mwisho wa safari kwa atokaye Morogoro uko nyumbani. Barabara ya Morogoro humwongoza kutoka Chalinze, juu ya mto Ruvu na Mlandizi, hadi Kibaha, na mbele yake ndipo husimama vilima vya Pugu, ambavyo vilele vyake hufika mita 300 hivi. Havitishi mtu kwa miguu. Lakini rubani aonaye kwa macho hapaswi kuwa chini ya mita 150 juu ya ardhi, na katika anga inayoongozwa atakiwa kukaa mita 300 chini ya mawingu. Jumla yake ni mita 750. Asubuhi ya masika mawingu yakiwa yamelala kwenye mita 600, njia ya kupitia vilimani imefungwa, hata kama kiwanja chenyewe ng'ambo ya pili kina jua. Huzunguka kaskazini kwa idhini ya mnara, au hurudi Morogoro kusubiri mawingu yapande.